HATA MWENYE HATIA HUSIKIA KIU

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Masomo: Mathayo 25:31–46, Waamuzi 15:14–19, Luka 23:32–53



Waliokuwa ibadani Jumapili iliyopita wanakumbuka kwamba sikuanza na wimbo wala ushuhuda. Niliwaomba vijana wa mitambo wazime taa za mbele, kisha waweke picha moja kwenye skrini. Mzee mmoja akanong'ona, lakini nilimsikia: "Leo tunaonyeshwa sinema?" Hapana, mzee wangu. Hiyo ni picha ya rangi iliyochorwa zaidi ya miaka 400 iliyopita, na nimekaa nayo wiki tatu kwa sababu inanisumbua. Kwa ajili ya waliokosa, na wale walioketi nyuma wasione vizuri, nitaieleza hapa polepole.

Kwanza niondoe wasiwasi. Picha hii ilichorwa kwa ajili ya kanisa la Kikatoliki, na juu kabisa yuko Mariamu amemshika mtoto Yesu, pamoja na malaika wawili wenye mabawa makubwa. Sisi hatuombi mbele ya picha, mnajua hivyo. Nimeileta jinsi nabii Nathani alivyomletea mfalme Daudi hadithi ya mwana-kondoo wa maskini. Ukimwambia mtu kosa lake usoni atajitetea. Ukimpa kitu cha kutazama, anajikuta ameshajihukumu mwenyewe. Mimi nimeitazama, na nimejikuta.

MTAA MMOJA, USIKU MMOJA

Picha hii iko Naples, mji wa bandari ulio kusini mwa Italia. Aliyeichora anaitwa Michelangelo Merisi, lakini watu humwita Caravaggio, jina la mji wa wazazi wake. Picha yenyewe inaitwa Matendo Saba ya Huruma. Si ya kutundika sebuleni. Kimo chake ni karibu mita 4, na upana wake zaidi ya mita 2 na nusu.

Ilitokeaje? Naples ya wakati ule ilikuwa kati ya miji yenye watu wengi kabisa Ulaya, ikitawaliwa na mfalme wa Hispania. Vijana saba wa familia kubwa za mji walianza kukutana kila Ijumaa hospitalini, katika hospitali ya wale walioitwa wasiopona, wakawalisha wagonjwa kwa mikono yao. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha huruma kilichoanzishwa mwaka 1602, kinachoitwa Pio Monte della Misericordia. Walipojenga kanisa lao walitaka picha ya kuweka madhabahuni. Wakampa kazi Caravaggio kwa malipo ya ducati 400, pesa za wakati huo, na mwanzoni mwa 1607 picha ilikuwa tayari.

Sasa, matendo saba ni yapi? Sita mnayajua, yako Mathayo 25: kumlisha mwenye njaa, kumnywesha mwenye kiu, kumkaribisha mgeni, kumvika aliye uchi, kumtazama mgonjwa, kumwendea aliye gerezani. La saba ni kuzika wafu. Hilo linatoka katika desturi ya kanisa la kale na kitabu cha Tobiti, ambacho hakimo katika Biblia tunazobeba sisi. Lakini kazi yenyewe imo. Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kwenda kuuchukua mwili wa Sauli. Na Yusufu wa Arimathaya, huyo tutarudi kwake.

Wachoraji wengi waliotangulia waliyagawanya matendo haya, kila tendo na picha yake, kama kurasa za kitabu cha watoto. Caravaggio akasema hapana. Akayaweka yote saba kwenye mtaa mmoja, usiku mmoja, wakati mmoja. Watu wamebanana kama stendi ya matatu saa moja jioni.

Upande wa kushoto kuna mwenye nyumba ya wageni, anaonyesha kwa mkono, "Pitia huku." Mbele yake ni msafiri wa hija, unamjua kwa gamba la baharini lililo kwenye kofia yake. Nyuma yao kuna mwanamume mwenye nguvu ameinua kichwa anakunywa maji, na anakunywea kwenye mfupa wa taya ya punda. Huyo ni Samsoni. Karibu naye kuna kijana mwenye kofia ya manyoya na upanga mkononi. Lakini hapigani na mtu, anakata joho lake vipande viwili. Huyo ni Martin, askari wa jeshi la Roma katika karne ya 4, ambaye wanasimulia alimgawia maskini nusu ya vazi lake. Chini, miguuni pake, kuna mtu uchi ameketi ametugeuzia mgongo. Na kwenye kona, gizani kabisa, kuna mgonjwa ambaye usipotazama mara mbili humwoni.

Nenda kulia. Kuna mtu anapita na maiti, na kinachoonekana cha yule marehemu ni nyayo tu. Nyuma yake kuna mhudumu wa kanisa ameshika mwenge. Na mwisho kabisa kuna dirisha la gereza lenye nondo. Mzee ametoa kichwa katikati ya nondo, na mwanamke kijana aliyesimama nje anamnyonyesha.

Najua. Picha ilipofika hapo kwenye skrini, kina mama mlicheka kidogo na vijana mkaangalia viatu vyenu. Ni sawa. Lakini sikilizeni hadithi yake. Ni hadithi ya kale ya Waroma. Baba alihukumiwa afe kwa njaa gerezani. Binti yake aliruhusiwa kumtembelea, lakini asiingize chakula. Binti huyo alikuwa na mtoto mchanga. Hakuwa na mkate wa kuficha, alikuwa na maziwa. Akampa baba yake alichokuwa nacho. Mchoraji ameweka tone moja la maziwa kwenye ndevu za yule mzee. Na binti hamtazami baba. Amegeuza kichwa pembeni kama mtu aliyesikia hatua za askari jela.

Tazama jambo moja zaidi. Katika umati ule wote hakuna aliyejipanga apigwe picha. Hakuna bango lenye jina la mfadhili. Hakuna anayemwinulia maskini uso ili aonekane vizuri akipokea unga. Kila mmoja ana shughuli, anafanya moja na kilicho mkononi. Mwenye nyumba ametoa chumba. Askari ametoa nusu ya joho, nusu nyingine akabaki nayo. Binti ametoa maziwa. Mwenye mwenge ametoa mwanga. Hakuna aliyefanya yote saba. Lakini mtaa mzima, ukiuhesabu pamoja, umefanya yote saba. Mwambie jirani yako: "Fanya moja." Mwambie tena: "Lako ni lipi?"

TUWAANGALIE WANAOPOKEA

Mpaka hapo ujumbe ni mtamu, na tungeweza kufunga kwa sadaka. Lakini mimi kilichonisumbua si wale wanaotoa. Ni wale wanaopokea.

Anza na Samsoni. Kati ya watu wote wenye kiu katika Biblia, mchoraji angeweza kumchukua Hajiri na mtoto wake jangwani. Angemchukua yule mwanamke Msamaria kisimani. Amemchukua Samsoni, baada tu ya kuua watu elfu moja kwa mfupa ule ule. Najua mtaniambia Samsoni alikuwa mwamuzi wa Israeli na Roho wa Bwana alimjilia. Ni kweli. Lakini isome sura nzima. Kuna mashamba yaliyochomwa, kuna kisasi juu ya kisasi, kuna hasira za mambo ya ndoa. Huyu si mtu ambaye ungempa semina ya vijana. Na sasa ameshika silaha yake mkononi, koo limekauka, anamlilia Mungu kwamba anakufa kwa kiu. Mungu alifanya nini? Hakumwambia, "Kwanza tuzungumze kuhusu tabia zako." Alipasua mahali palipo na shimo, maji yakatoka, mtu akanywa, roho ikamrudia. Mazungumzo kuhusu tabia za Samsoni yalikuja baadaye, na yalikuwa machungu. Lakini maji yalitangulia.

Mwangalie mzee wa dirishani. Amehukumiwa kifo. Ile hadithi ilivyopokelewa haianzi kwa kutuambia kama alionewa au alitenda kosa. Inaanza na njaa yake.

Sasa mwangalie mchoraji mwenyewe. Tarehe 28 Mei 1606, huko Roma, Caravaggio alipigana na mtu aliyeitwa Ranuccio Tomassoni, akamwua. Haikuwa siri, barua za habari za Roma ziliandika. Akakimbia. Akahukumiwa kifo bila yeye kuwepo, na hukumu yenyewe ilikuwa ya aina ambayo popote penye mamlaka ya Papa, yeyote aliyemkuta angeweza kumwua. Alikwenda Naples kwa sababu kule alikuwa nje ya mamlaka hayo. Miezi michache tu baada ya kumwaga damu, mikono hiyo hiyo ikashika brashi na kuchora matendo ya huruma.

Simwinui. Mtu alikufa, na familia ya Tomassoni ililia. Wala maisha ya Caravaggio hayakunyooka baada ya hapo. Alikwenda Malta, mwaka 1608 akafungwa kwa ajili ya ugomvi mwingine, akatoroka. Julai 1610 alifariki katika mji mdogo wa pwani unaoitwa Porto Ercole, akiwa na miaka 38, akiwa njiani kurudi Roma kwa sababu alitumaini kupata msamaha. Alikufa akiutafuta.

Lakini ukijua habari hiyo, unaiona picha upya. Aliyemchora Samsoni na silaha ya damu akiomba maji, alijua kiu hiyo. Aliyemchora mgeni akitafuta mlango usiku, naye alikuwa mgeni mjini, akitafuta mlango. Aliyechora nyayo za maiti alikuwa amefiwa na baba yake kwa tauni akiwa mtoto wa miaka 6 hivi, na sasa yeye mwenyewe alikuwa amemfanya mtu kuwa maiti. Yeye hakuwa ng'ambo ya barabara akiwatazama maskini. Alikuwa mmoja wao.

Wapendwa, tuisome tena Mathayo 25 bila haraka. Yesu alisema alikuwa gerezani na watu wakamwendea. Je, alisema alikuwa gerezani kwa kusingiziwa? Alisema alikuwa gerezani bila kosa? Tafuta katika Biblia yako, hutaipata. Alisema gerezani, basi. Na hakusema njaa ya mtu mwenye bidii, wala uchi wa mtu aliyekuwa akiweka akiba. Sisi ndio tulioongeza hayo. Sisi ndio tunaotaka kila mwenye shida aje na cheti cha tabia njema, kimepigwa muhuri, ndipo tumpe maji.

NONDO HAZIKUVUNJWA

Hapa kuna mtu anasema, "Mchungaji, unataka tufunike dhambi?" Swali zuri, na picha inalijibu.

Yule binti hakuvunja gereza. Nondo ziko palepale. Hakumhonga askari, hakusema hukumu ifutwe, hakutangaza kwamba babake hakukosa. Alipitisha maziwa katikati ya nondo. Haki ina kazi yake na huruma ina kazi yake, na moja haihitaji kuua nyingine. Aliyeiba na arudishe. Zakayo alirudisha mara nne, na Yesu hakumzuia. Lakini Yesu hakungoja Zakayo amalize kulipa ndipo aende kula kwake. Alikula kwake kwanza.

Kwa hiyo sisemi tuite kosa kuwa si kosa. Ninasema mwenye kosa bado ana tumbo. Bado ana koo. Bado ana mke na watoto. Akifa bado anahitaji kuzikwa.

NINA JAMBO LA KUUNGAMA

Haya nayasema kwa ruhusa ya wenyewe wawili, mume na mke, na sitataja jina. Wengi wenu mnajua. Ambao hamjui, tafadhali msiulize.

Tulikuwa na ndugu katika kanisa hili. Alikuwa akifungua mlango wa kanisa asubuhi kabla yangu. Alikuwa akishika pesa za chama cha akiba ambacho wengi wenu ni wanachama. Pesa zikapotea. Si zote, lakini nyingi. Alipoulizwa alidanganya, halafu akakiri. Kesi ikaenda kortini, akahukumiwa, na leo ni miezi 14 yuko ndani. Baadhi yenu mnaosoma karatasi hii mlipoteza karo ya mtoto pale. Dada mmoja alipoteza pesa za kununua ng'ombe wa maziwa. Sisemi haikuuma. Inauma mpaka sasa, na deni lile bado ni deni.

Katika miezi ile 14, mimi mchungaji wake sikwenda hata mara moja.

Nilikuwa na sababu. Nilisema nikienda, walioibiwa wataona nimewasaliti. Nilisema wacha ajifunze. Nilisema akitoka tutaongea. Nilihubiri mara tatu juu ya kutembelea wafungwa, na mwezi wa kumi na mbili tukapeleka sabuni na mikate katika gereza lingine, kwa wafungwa tusiowajua, na tukapiga picha. Yule tunayemjua hatukumpelekea hata salamu. Mfungwa usiyemjua ni rahisi kumpenda. Hakukuibia kitu.

Na mke wake? Yeye hakuiba. Lakini baada ya mwezi mmoja jina lake lilitoka kwenye zamu ya chai. Nimeuliza ni nani aliyelitoa, na hakuna kamati iliyokaa, hakuna aliyeamua. Lilitoka tu. Alikuwa akikaa mstari wa pili upande wa kina mama. Siku hizi anakaa nyuma, karibu na mlango, na anaondoka kabla ya baraka ili asisalimiane na mtu. Nimekuwa nikimwona kutoka madhabahuni kila Jumapili, na nimekuwa nikisema moyoni, "Angalau anakuja."

Siku niliyoona picha hii niliona lile dirisha, nikafunga simu. Nikaifungua tena. Alhamisi ya wiki iliyofuata nilikwenda. Niliacha kitambulisho na simu langoni, nikangoja kwenye benchi pamoja na kina mama waliokuja na watoto. Nilikuwa nimeandaa maneno, na andiko nimeweka alama.

Alipotokea amekonda, na alipoona ni mimi alisimama, hakuja. Akauliza kutoka pale pale, "Kuna mtu amekufa?" Yaani alifikiri mchungaji wake hawezi kuja isipokuwa kwa habari ya msiba.

Nikamwambia hapana, nimekuja kukuona. Akaketi. Tulikaa kimya kwa muda. Nilitarajia aniulize kuhusu kesi, au rufaa, au aniombe pesa. Aliniuliza swali moja tu: "Mchungaji, mama watoto siku hizi anakaa wapi kanisani?"

Nikajibu ukweli. Nyuma, karibu na mlango.

Hakusema kitu. Aliangalia mikono yake. Na andiko nililokuwa nimeliandaa sikulisoma, kwa sababu yule aliyehitaji kuhubiriwa katika chumba kile alikuwa mimi. Nilimwomba msamaha. Naye akasema yeye ndiye wa kuomba msamaha, na kwamba pesa za watu anazihesabu kila usiku, anajua ya nani ni ngapi. Alinitajia majina. Alianza na yule dada wa ng'ombe.

WA SABA NI NANI?

Mtu mmoja ataniambia, "Mchungaji, tumeokoka kwa neema, si kwa matendo." Amina. Waefeso 2:8 na 9 siifuti. Lakini usisimame hapo, songa mpaka aya ya 10, inayosema tuliumbwa kwa ajili ya matendo mema. Na ukitaka kujua neema ni nini, nenda Luka 23.

Pale msalabani, Bwana wetu alihesabiwa pamoja na wahalifu, kama Isaya alivyotabiri. Kwa serikali ya siku ile alikuwa mfungwa aliyehukumiwa kihalali. Mtume Yohana anatuambia alisema ana kiu. Mavazi yake walikuwa wamegawana, kwa hiyo alikuwa uchi. Nje ya mji, kwa hiyo kama mgeni. Mwili umejaa majeraha. Na alipokufa alikuwa maiti isiyo na kaburi. Hesabu na mimi: kiu, uchi, ugeni, majeraha, kifungo, maziko. Yale yote yaliyo katika mtaa wa Naples yalimkuta mtu mmoja juu ya mti mmoja. Na yeye ndiye asiye na kosa kati yetu sote, alichukua nafasi ya wenye makosa.

Nani alikuja kumzika? Yusufu wa Arimathaya, mtu wa baraza lile lile lililomhukumu. Hakuweza kuizuia hukumu. Alikwenda tu kwa Pilato akaomba mwili. Hebu fikiri angesema, "Wacha kwanza ijulikane kama kweli alikuwa na hatia." Ijumaa ilikuwa inaisha. Sabato ilikuwa inaingia. Huruma ina saa yake, na saa ikipita inabaki toba tu.

Ndiyo maana sisi tulioketi hapa hatuna ruhusa ya kuulizia cheti. Tulipokuja kwa Yesu tulikuwa na cheti gani? Wewe uliyeokolewa kutoka kwenye pombe, ulikuwa na cheti gani? Mimi niliyekuwa na kiburi cha dini, nilikuwa na kipi? Tulikunywa kwanza. Maji yalitangulia.

Wale wakuu wa Pio Monte mwaka 1613 waliamua kwamba picha yao isiuzwe kwa bei yoyote ile. Iko palepale mpaka leo, juu ya madhabahu, na chama chenyewe bado kipo na bado kinasaidia watu. Nafikiri walielewa jambo. Walitaka kila wanapoinua macho kuomba, wakutane na ule mtaa. Wakimtafuta Mungu, waone kwanza mtu uchi, mzee dirishani, na nyayo za maiti. Usiku katika picha ile ni mweusi sana, na mwenge unaoonekana ni mmoja tu, wa yule aliyekuja kuzika. Mungu hakuwapa mtaa mwingine ulio safi zaidi. Aliwapa ule. Na sisi ametupa huu wetu.

TUFANYE NINI WIKI HII

Siwapi mambo saba. Nawapa manne.

Moja. Kesho nitakutana na wanachama wa chama cha akiba. Ajenda ni mpango wa kurudisha pesa, kidogo kidogo, kwa maandishi. Ndugu yetu mwenyewe ameomba hivyo. Haki iende mbele, wala asilazimishwe mtu yeyote kusema amesamehe kabla moyo wake haujafika.

Mbili. Kila Alhamisi ya pili, watu wawili watakwenda gerezani kumwona. Karatasi ya majina iko kwa katibu. Jina la kwanza nimeandika langu.

Tatu. Hakuna picha. Mkienda acheni simu langoni, na mkirudi msiweke kwenye grupu.

Nne, na hili ni la kina mama, lakini si lao peke yao. Mstari wa pili una nafasi. Sitasema zaidi. Usimwendee ukilia, usimwambie "pole kwa yote," usimhubirie. Mtengenezee nafasi tu, usogeze mkoba wako, ukae naye kama zamani. Na zamu ya chai ya mwezi ujao bado haijaandikwa.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kati ya matendo saba, ni lipi liko mkononi mwako wiki hii? Taja moja tu.

2. Ni mtu gani unayemnyima msaada kwa sababu unaona alijitakia? Usimtaje jina kikundini. Mtaje kwa Mungu.

3. Yule binti hakuvunja nondo, lakini alifika dirishani. Katika shida uliyo nayo na mtu aliyekukosea, nondo ni zipi, na dirisha liko wapi?

TUOMBE

Bwana Yesu, wewe ulihesabiwa pamoja na wahalifu ili sisi tuhesabiwe pamoja na watakatifu. Tusamehe kwa milango tuliyoiona tukapita. Wakumbuke walioibiwa, uwarudishie. Mkumbuke aliyeiba, umponye. Mkumbuke mama aketiye karibu na mlango, na wanawe. Utupe mtaa huu kama ulivyo, na mwenge wa kutosha kuuona. Na siku utakapokaa kwenye kiti chako cha utukufu na kutuuliza, tusiwe tumelala. Katika jina lako, Amina.